Hedhi ikikoma, pima kiuno: mwongozo wa fundi cherehani wa Ujiji

Nashona nguo za kike hapa Ujiji tangu mwaka 1991, na madaftari yangu ya vipimo sijawahi kuyatupa. Kila mteja ana ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu, na tarehe aliyopimwa. Ukifungua ukurasa wa mwanamke niliyemshonea tangu ana miaka 30 mpaka leo ana 55, unaona jambo ambalo mwenyewe halioni kwenye kioo. Hipsi zinakaa palepale, inchi 42, 42, 43. Kiuno ndicho kinachokimbia. Kinaanza 30, kinakuwa 31, halafu miaka ile ya 47 mpaka 53 kinaruka: 33, 35, 38. Na ukimuuliza atakwambia uzito wake haujabadilika sana. Ni kweli, huenda kaongeza kilo tatu tu. Ila umbo limehama.

Kwa miaka mingi jambo hilo kwangu lilikuwa la ushonaji. Nilitoa zipu, nikaweka lastiki, mteja akaenda zake harusini. Mwaka 2019 tulimzika dada yangu mkubwa. Saratani ya titi, miaka 61. Aliuficha uvimbe ndani ya dera kwa miezi saba, na kituo cha kwanza alichokwenda walimpa dawa za jipu akarudi nyumbani. Binti yake ni muuguzi, lakini mama yake hakumwambia mpaka titi lilipoanza kutoa maji. Baada ya arobaini binti huyo alikuja dukani, akanitazama nilivyokaa nyuma ya cherehani, akaniambia: "Mama mdogo, sasa wewe. Ndugu wa tumbo moja akiugua, hatari yako inakaribia mara mbili ya mwanamke mwingine. Hilo huwezi kulibadilisha. Lakini hiyo futi uliyoivaa shingoni ni kifaa cha hospitali, na hujawahi kujipima nayo."

Siku hiyo nilikuwa na miaka 51, hedhi yangu imekoma mwaka mmoja nyuma. Alinipima yeye. Kiuno inchi 38, hipsi 44, uzito kilo 78 kwa kimo cha mita 1.58. Haya ninayoandika ndiyo aliyonifundisha, pamoja na yale niliyojifunza mwenyewe tangu hapo. Nayaandika kwa ajili ya wanawake wa kuanzia miaka 45, wale ambao hedhi inaanza kuruka miezi na wale iliyowakoma kabisa.

Nini kinabadilika hedhi ikikoma

Hedhi inahesabiwa kuwa imekoma ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Wengi wetu tunafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo, homoni ya kike iitwayo estrojeni inatoka zaidi kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai. Ovari zikistaafu, estrojeni haiishi mwilini. Inaendelea kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kuitengeneza sasa ni mafuta ya mwili. Kwenye mafuta kuna kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachochukua homoni nyingine na kuzigeuza estrojeni. Kwa hiyo baada ya ukomo wa hedhi, mwenye mafuta mengi ana estrojeni nyingi zaidi katika damu kuliko mwenzake mwembamba wa umri uleule. Na saratani nyingi za matiti katika umri huo ni zile zinazokua kwa kulishwa na estrojeni.

Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, yana shida nyingine ya ziada. Yanafanya insulini ipande, na insulini ikikaa juu muda mrefu inazihimiza chembe za mwili kugawanyika. Bahati mbaya ni kwamba estrojeni ya ovari ikishuka, mwili unaanza kuweka mafuta tumboni badala ya mapajani na kwenye makalio. Ndiyo ile safari ya namba niliyoiona kwenye madaftari yangu.

Kuna jambo lililonishangaza na huenda likakushangaza na wewe. Kabla hedhi haijakoma, wanawake wanene hawaonekani kupata saratani ya matiti zaidi ya wembamba. Tafiti kubwa zinaonyesha wanapata kidogo pungufu. Mambo yanageuka baada ya ukomo. Mtu asichukue hilo kuwa ruhusa ya kunenepa ujanani, maana kilo za miaka 35 ndizo unazoingia nazo miaka 50, na kuzitoa wakati huo ni kazi.

Ukubwa wa hatari ni upi? Baada ya ukomo, kila pointi 5 za BMI, yaani kipimo cha uzito kwa kulinganisha na kimo, zinazoongezeka zinaongeza hatari kwa takriban asilimia 12. Kwa mwanamke wa kimo changu, pointi 5 ni kama kilo 12 na nusu. Hapa watu hukosea, hivyo nisikilize vizuri: haina maana kwamba wanawake 12 kati ya 100 wataugua. Ni asilimia 12 juu ya hatari uliyokuwa nayo mwanzo. Ikiwa katika kundi fulani wangeugua wanawake 50, kwa uzito huo wa ziada wataugua kama 56. Ni nyongeza ya wastani. Lakini hao sita wana majina, na mimi najua inavyokuwa kumzika mmoja. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha saratani 13 zinazohusiana na mafuta ya mwili kuzidi, na saratani ya matiti baada ya hedhi kukoma imo.

Na mwembamba asijitoe kwenye mazungumzo haya. Saratani ya matiti inawapata wembamba, na hapa Afrika wengi wanaipata kabla ya miaka 50. Tena kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2018, uliofuatilia kwa miaka 16 wanawake 3,460 ambao hedhi ilishakoma na uzito wao kwenye mizani ulikuwa wa kawaida. Wale waliokuwa na mafuta mengi mwilini, japo mizani haikuwashtaki, walikuwa na hatari inayokaribia mara mbili ya kupata saratani inayolishwa na estrojeni. Ndiyo maana siitegemei mizani peke yake. Naitaka na futi.

Kupima kiuno, hatua kwa hatua

Anza na futi yenyewe. Hizi za plastiki laini zinavutika kadiri zinavyotumika. Nimewahi kutupa moja iliyokuwa imeongezeka nusu inchi nzima, na kwa kushona nusu inchi ni gauni lililoharibika. Ilinganishe na rula ngumu ya mtoto wa shule, kipande kwa kipande. Ikitofautiana, nunua nyingine. Kagua pia kile kibati cha mwanzo. Kikiwa kimeng'oka, futi yako haianzi sifuri.

Jipime asubuhi, umeshakwenda haja, kabla ya chai. Vua dera. Upime juu ya ngozi au juu ya kanga moja nyepesi, maana nguo tatu za baridi ni inchi nzima.

Sasa mahali pa kupima. Kiuno cha fundi na kiuno cha hospitali si kimoja. Mimi nikikushonea gauni napima pale mwili unapojikata, pembamba kuliko pote, kisha naongeza inchi ili upumue. Hospitali wanataka pengine: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Weka kidole pembeni mwa mwili, tafuta ubavu wa chini kabisa, tia alama kwa chaki ya fundi. Shuka mpaka uguse ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo futi inapopita. Fanya pande zote mbili. Kwa mwenye tumbo lililojaa, kule kujikata kumeshapotea, na hapo ndipo alama za chaki zinapokuokoa usipime kila mwezi mahali tofauti.

Zungusha futi ikiwa imelala sawasawa na sakafu. Mgongoni ndiko inakoshuka au kupanda bila wewe kujua, kwa hiyo muite binti yako au simama mbele ya kioo. Iguse ngozi bila kuikaba. Simama miguu ikiwa karibu karibu, mikono imelegea, vuta hewa kawaida, itoe kawaida, na usome namba mwisho wa kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Kila mwanamke anayeingia dukani kwangu huvuta tumbo akiona futi, wakubwa kwa wadogo, na mimi huwa nasubiri tu mpaka achoke. Pima mara mbili. Namba zikipishana zaidi ya sentimita moja, pima ya tatu.

Namba za kushika, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani: kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, hatari ya maradhi inaanza kupanda. Kikizidi sentimita 88, karibu inchi 34 na nusu, imepanda sana. Halafu pima hipsi pale makalio yalipojaa zaidi, gawa kiuno kwa hipsi. Ukipata 0.85 au zaidi, mafuta yako yamekaa tumboni. Mimi nilikuwa 38 kugawa kwa 44, sawa na 0.86.

Mipaka hiyo iliwekwa hasa kwa ajili ya kisukari, shinikizo la damu na moyo. Kwa upande wa titi hakuna mstari ambao ukiuvuka leo kesho unaugua; hatari inapanda taratibu, kama asilimia 11 kwa kila sentimita 10 za kiuno baada ya ukomo wa hedhi. Sentimita 10 ni inchi 4. Rudi kwenye ukurasa wako uone umeongeza inchi ngapi tangu miaka 40.

Asiye na futi atumie kamba ya katani au uzi wa nailoni usiovutika. Simama ukutani, mtu akupime kimo kwa kamba hiyo, akate. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya kimo, na hapo uko vizuri. Zisipokutana, kimezidi. Usitumie utepe wa kitenge, kitambaa kinavutika kikikatwa upande.

BMI ni hesabu nyepesi: kilo zako gawa kwa kimo cha mita, kisha gawa tena kwa kimo hichohicho. Zangu zilikuwa 78, gawa kwa 1.58, gawa tena kwa 1.58, ikatoka 31. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Kupunguza, kwa vyakula na maisha ya Kigoma

Nilianza na mawese. Sisemi mawese ni mabaya. Yale mekundu yasiyosafishwa yana asili ya vitamini A, na sombe, yaani kisamvu, bila mawese kwetu ni kama haijapikwa. Shida ni kipimo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, mawese au alizeti, kina kalori kama 120, na mimi nilikuwa namimina kwa chupa bila kuangalia. Chupa ya lita moja ilikuwa inaisha kwa siku nne, watu watano nyumbani. Sasa napima kwa kijiko, vijiko vitatu kwa sufuria ya familia, na lita hiyo inafika siku tisa mpaka kumi na wiki nyingine zaidi. Migebuka nakaanga Ijumaa tu. Siku nyingine nachoma au nachemsha na nyanya, kitunguu na ndimu. Dagaa nakaanga kikavu kwenye kikaango mpaka wakauke vizuri, ndipo natia kachumbari.

Ugali wa muhogo sijauacha na sikushauri uuache. Nimepunguza donge, limekuwa kama ngumi zangu mbili, na naanza kula mboga na samaki kabla sijagusa ugali. Maandazi ya asubuhi ndiyo niliyoyaacha, nikahamia kiazi kitamu cha kuchemsha. Sukari ilikuwa aibu kubwa zaidi nilipoihesabu: vijiko vinne vya chai kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, gramu 64 hivi. Nimeshuka kijiko nusu kila wiki mbili mpaka nikafika kimoja. Ulimi unazoea, ila si kwa siku moja. Ramadhani uwe macho. Wengi tunatoka tumenenepa kwa sababu ya futari ya mihogo na tambi za sukari usiku kucha.

Mwili nao lazima uhangaike. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga, miguu inafanya kazi kutwa. Mwaka 2014 nilifunga mota, na ukiangalia tarehe kwenye ukurasa wangu, kiuno kilianza kukimbia muda si mrefu baadaye. Mota sijaing'oa, maana kazi ni nyingi msimu wa harusi. Badala yake natembea kila siku baada ya sala ya alfajiri, nateremka upande wa ule mwembe wa makumbusho ya Livingstone na kurudi, dakika 35. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Linataka pia mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na hili wanawake wa umri wetu tunalipuuza wakati misuli ndiyo inayopotea. Mimi nakaa kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, napumzika, mara kumi tena, mara kumi tena. Mwenye shamba Mwandiga anayelima kwa jembe mwenyewe, hilo limeshatosha.

Pombe mimi situmii, lakini lazima niseme ukweli wote. Bia, gongo, pombe ya ndizi, mvinyo, zote zinaongeza hatari ya saratani ya matiti, kabla na baada ya hedhi kukoma, na hata kidogo kinahesabika.

Kisha maneno ya watu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, zaidi ya kwenye chakula. Kwetu mwanamke akinawiri wanasema ametunzwa. Akipungua, mtaa unaulizana ana nini, na mama mkwe anamuuliza mwanawe kama mkewe anakula. Kilo nne za kwanza zilipotoka, mteja mmoja aliniuliza kwa upole kama nimepima damu. Ushauri wangu ni kuwaambia mapema, kabla hujaanza. Nilimwambia mume wangu, nikasema kwenye kikoba chetu cha Jumamosi, nikaeleza na sababu, kwamba ni dada yangu. Maswali yalikwisha, na wenzangu wanane wakaja kupimwa. Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapimana viuno kabla ya kuweka hisa, na mimi naandika. Kupungua bila kujaribu ni habari nyingine kabisa: ukiona unapungua na hujabadilisha chochote, nenda hospitali.

Mimi sasa nina miaka 57, kilo 71, kiuno 34, hipsi 42. Imenichukua miaka miwili kupunguza hizo kilo saba, na miaka mingine minne nimeshikilia hapohapo. Bado niko juu ya sentimita 80. Lakini mwanangu muuguzi alinisomea utafiti wa wanawake zaidi ya 180,000 wa miaka 50 na kuendelea: waliopunguza kilo 2 mpaka 4.5 na kutozirudisha, bila kutumia vidonge vya homoni, walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 18 kuliko wale ambao uzito wao haukubadilika. Wa kilo 4.5 mpaka 9, asilimia 25. Wa kilo 9 na zaidi, asilimia 32. Hata kilo mbili zimo kwenye hesabu hiyo, mradi zisirudi.

Kiuno kikipungua, titi bado liangaliwe

Dada yangu hakuwa mnene. Kwa hiyo usimalize kusoma ukadhani futi inatosha.

Ulijue titi lako. Ambaye hedhi imekoma hana tena siku za kufuata, achague siku yake. Mimi naangalia mwezi unapoandama. Bafuni, na sabuni, kwa matumbo ya vidole, titi lote mpaka kwapani. Kisha kioo, mikono juu. Unatafuta kitu kipya: uvimbe mgumu, mara nyingi usiouma, ngozi iliyobonyea au iliyotoboka vitobo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu au majimaji, kidonda cha chuchu kisichopona. Kutouma si dalili ya usalama. Uvimbe mwingi si saratani, na hujui upi ni upi mpaka upimwe. Pesa na simu unazoweka kwenye sidiria sokoni hazileti saratani, hata kama kila mtu anasema hivyo. Ila zitoe unapojikagua.

Ukiona kitu, nenda wiki hiyohiyo. Na ukipewa dawa za jipu, uulize tarehe ya kurudi. Uvimbe usipoondoka kwa tarehe hiyo, omba ultrasaundi na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kwa sababu kinyama ndicho kinachotoa jibu. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu ufike kituoni mara ya kwanza. Andika siku hiyo ya kwanza mahali unapoiona. Huku kwetu hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Tiba ya saratani yenyewe iko mbali, Bugando Mwanza au Ocean Road Dar es Salaam. Kwa hiyo barua ya rufaa na majibu ya kinyama yatolee kopi mbili siku hiyohiyo unapopewa, kopi moja ibaki kwa mtu wa nyumbani anayejua namba ya faili lako, na umtaje huyo mtu mbele ya daktari kabla hujapanda treni.